Ngoma ya Kivuti Yasubiri Uamuzi wa Nyuki

Jua la Ishiara halibishi hodi. Ni saa tatu tu asubuhi na tayari limetanda uwanjani kwa Naftaly Kivuti, limewafukuza kuku hadi chini ya ghala, na limeifikia ngoma kubwa iliyosimamishwa peke yake katikati ya uwanja kama mtoto aliyeadhibiwa.

Kivuti ameketi kando kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi. Haipigi ngoma hiyo wala haichongi. Anaiangalia tu, na mara kwa mara anainua macho angani.

“Nangoja nyuki,” anasema bila kugeuka. “Wakikuja, hii kitu si yangu tena.”

Kivuti ana umri wa miaka hamsini na tisa, na kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo riziki yake imetoka kwenye tezo na patasi. Alichonga mizinga ya magogo, ile mirefu inayotundikwa juu ya miti, akawauzia wafuga nyuki kuanzia Siakago hadi Tharaka. Siku hizi anachonga ngoma, na ndiye kiongozi wa Mizinga ya Thuci, kikundi cha watu saba kilichojipa jina la mto ambao wengi wao huuvuka wanapokuja mazoezini.

Muziki wao hauna kabila moja. Msingi ni ngoma ndefu za huku, zile zinazobanwa katikati ya mapaja. Juu yake kuna dufu la Waislamu wa mji wa Maua, midundo ya Afrika Magharibi, samba ya Brazili na hesabu za wapiga tabla, zile ngoma ndogo pacha za India. Anayewasikia kwa mara ya kwanza hudhani watu saba wanagombana. Akivumilia kidogo, anajikuta bega limeanza kucheza bila ruhusa yake.

Keshokutwa, Jumamosi, wamealikwa kwenye sherehe ya wakulima wa ndizi kule Mitunguu. Watakwenda, hilo halina ubishi. Kisichojulikana asubuhi hii ni kama ngoma kubwa nayo itakwenda, kwa sababu mara ya mwisho ilipofika Mitunguu iliita nyuki, na nyuki wakaitika.

Mwenyekiti wa wakulima hao, mzee Mbaabu, aliyeondoka siku ile na mdomo uliovimba, ametoa sharti moja kwa simu. “Nyinyi njooni, tunawapenda,” alisema. “Lakini hiyo kubwa ije ikiwa imetubu.”

Ndiyo maana ngoma imeanikwa juani baada ya kupashwa moto, vilevile kama ilivyokuwa siku ile. Kivuti na mkewe, Ciakuthii, wamekubaliana. Nyuki wakija kuitaka kabla ya adhuhuri, itavuliwa ngozi na kurudishwa juu ya mti iwe mzinga, kama ilivyokuwa zamani. Wasipokuja, itapanda lori kwenda Mitunguu.

Ili kuelewa kwa nini mtu mzima anakaa kungoja hukumu ya mdudu, ni lazima urudi nyuma kidogo.

Kivuti alifundishwa kuchonga na baba yake, marehemu mzee Nthiga, ambaye mizinga yake ilikuwa na sifa ya kutokosa wapangaji. Mwana akashika kazi, akaoa kwa kazi hiyo, akasomesha watoto kwa kazi hiyo. Kisha yakaja masanduku. Mizinga ya kisasa ya mbao ilianza kugawiwa vikundi vya wakulima, na wateja wa Kivuti wakapungua kimyakimya. Mzinga aliokuwa akiuuza shilingi elfu moja na mia tano ukakosa hata wa kuuliza bei. Kuna mwaka mzima aliuza mitatu tu.

“Nilikuwa naamka nachonga juu ya mazoea,” anasema. “Mama Wambeti ananiuliza, unachonga ya nani? Nakosa jibu. Naendelea kuchonga.”

Mama Wambeti ndiye Ciakuthii. Wambeti ni binti yao wa kwanza, aliyeolewa Runyenjes. Akiwa jikoni, mama huyo anaitikia kwa sauti ya mtu asiyetaka kuachwa nje ya mazungumzo. “Mizinga ilijaa mpaka mbuzi wakakosa pa kulala. Nikamwambia, Baba Wambeti, mimi sikuolewa na magogo.”

Wokovu ulikuja kwa lori lililoharibika. Aweys, dereva aliyezaliwa na kulelewa Maua katika familia ya wafanyabiashara Wasomali, alikuwa amekwama barabarani karibu na boma hilo akingoja kipuri kutoka Embu. Kivuti alikuwa kazini. Mchonga mizinga hulipigapiga gogo kwa vidole kila baada ya muda, kusikiliza ni wapi bado ni pazito na wapi pamekuwa pembamba. Aweys, aliyekulia kwenye kasida na dufu, alikuwa amekalia mtungi mtupu wa maji kivulini.

“Huyu mzee akagonga gogo, mimi nikajibu na mtungi,” Aweys anakumbuka. “Akagonga tena, nikajibu tena. Wallahi hatukuwa tumesalimiana. Spea ilifika, tukaiambia ingoje.”

Wakawa wawili. Kila Aweys alipopita na mzigo alisimama nusu saa, na nusu saa hiyo ikawa inarefuka. Kivuti akakata mizinga yake iliyokosa wanunuzi, akaiwamba ngozi ya mbuzi upande mmoja, na mbuzi wakapata pa kulala. Vijana wa hapo jirani wakajiunga. Siku moja walipiga sokoni Nkubu, na mwanamke aliyekuwa akinunua viazi akaacha mfuko wake na kuwakaribia.

Mwanamke huyo ni Alice Kiende, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kwa miaka mingi amefundisha watoto nyimbo za mashindano. “Niliwaambia mnapiga vizuri, lakini mnapiga kitu moja tu,” anasema huku akicheka. “Wakanikasirikia. Halafu huyu mzee akanipigia simu, akaniuliza, hiyo kitu ya pili ni gani?”

Alice hajawahi kutoka Kenya. Midundo ya dunia aliikusanya kwanza kwenye redio, kisha kwenye simu. “Bundles zikiisha nilikuwa nabaki na mdundo kwa kichwa, narudia nikiosha vyombo,” anasema. Yeye ndiye aliyewafundisha kwamba Wabrazili hupiga ngoma nzito wakiichelewesha kidogo, na kwamba Mhindi huhesabu kwa mdomo kabla mkono haujagusa ngozi. Kivuti alipojaribu kuhesabu kwa mdomo mara ya kwanza, mkewe alitoka jikoni kuangalia kama ameanza kuugua.

Kikundi kikakua, mialiko ikaja, na Kivuti akaanza kuuza ngoma pia, moja kwa shilingi elfu kumi na mbili ikiwa mnunuzi hajui kubembeleza. Si utajiri. Lakini hajakosa jibu tena anapoulizwa anamchongea nani.

Kilichokosekana kilikuwa sauti nzito ya chini. Ngoma za mbuzi hulia juu, na Alice hakuacha kulalamika kwamba nyumba yao haina msingi. Ngoma ya namna hiyo inataka gogo pana la mti wa muringa, na muringa mpana siku hizi umebaki kwenye mashamba ya watu wasiouza, tena kuukata kunahitaji kibali. Kivuti alijua lilipo gogo moja. Alijua tangu mwanzo, akanyamaza.

Ulikuwa mzinga wa baba yake. Mzee Nthiga aliuchonga akiwa kijana, akautundika juu ya mti kando ya mto, na ulikaa huko zaidi ya miaka arobaini. Kwa desturi ya wafuga nyuki wa huku, mzinga wenye nyuki haushushwi eti kwa sababu mwenyewe amekufa. Mrithi hungoja. Kivuti alingoja mpaka kile kiangazi kirefu kilipokausha maua yote na nyuki wakahama wenyewe. Akapanda, akaufungua kamba, akaushusha kwa mikono miwili kama anayemteremsha mgonjwa.

Aweys akaleta ngozi ya ngamia kutoka Isiolo. Gogo la huku Mbeere likavishwa ngozi ya kaskazini, na ngoma ilipopigwa mara ya kwanza, Alice alikaa chini. Hatimaye nyumba ilikuwa na msingi.

Hapo ndipo mazoea yalipomponza fundi. Mchonga mizinga akimaliza kazi yake huupaka mzinga nta kwa ndani, anaisugua mpaka iingie kwenye nyufa, kwa sababu nta huzuia ubao kupasuka na huwaambia nyuki kuwa hapa pana usalama. Kivuti amefanya hivyo maisha yake yote. Siku alipomaliza kulisafisha gogo la baba yake, kabla ya kuwamba ngozi, mkono ulichukua donge la nta na kufanya kazi yake bila kumuuliza mwenyewe. Hata hakugundua.

“Mtu mwingine hawezi kosea hivyo,” anasema, na anaonekana kujivunia kidogo. “Fundi wa ngoma hana nta. Fundi wa mzinga hana ngoma. Ni mimi peke yangu niko na zote mbili.”

Kule Mitunguu, wakati nyuki wengi walikuwa wakihama kutafuta makao, kikundi kiliwasha moto na kuzipasha ngoma ili ngozi zikaze. Joto la bondeni likaongezea. Nta ikayeyuka, harufu ikapanda hewani. Wimbo wa pili ulikuwa umekolea.

“Nikasikia mvumo nikadhani Aweys ameongeza kitu,” Alice anasema. “Nikafurahi sana. Nikasema, leo amejituma.”

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Siku hiyo nyuki ndio waliofuata watu. Kundi zima lilishuka juu ya ngoma kubwa, likaanza kuingia kwa upande wa chini ulio wazi, na wakati huo ngoma ilikuwa imebanwa katikati ya mapaja ya Kivuti. Wageni wakatawanyika mashambani. Mzee Mbaabu akavua kofia na kuanza kupiga hewa, jambo ambalo hakuna mfuga nyuki angemshauri, akachomwa mdomoni. Watu wengine wachache walichomwa pia, ingawa hakuna aliyelazwa.

Kivuti hakukimbia. “Nyuki wanaohama hawana vita,” anaeleza. “Nikasimama hivyo hivyo. Nikawaambia karibuni, lakini mngoje kwanza nitoe miguu.”

Ngoma ilirudi nyumbani ikiwa imefungwa gunia mdomoni, na kundi la nyuki ndani. “Nilimtuma akapige ngoma, akarudi na ukoo,” anasema Ciakuthii. Jirani mwenye masanduku aliwachukua nyuki hao, na hadi leo anawashukuru Mizinga ya Thuci kila anaporina asali.

Lakini aibu ilibaki. Aweys alitaka ndani ya gogo pachomwe moto, jambo limalizike. Kivuti akakataa kwa kuogopa nyufa. Hakuna gogo jingine. Ciakuthii alikuwa na wazo lake mwenyewe. “Nyuki wamesema hiyo nyumba ni yao,” alimwambia mumewe. “Mzee wako aliwajengea. Wewe ni nani wa kuwafukuza?”

Neno hilo lilimwingia. Kivuti anakiri kwamba kwa wiki kadhaa hakujua anataka nini. Aliipenda ngoma ile kuliko zote, kwa kuwa tangu ipatikane kikundi kimekuwa kikundi, na yeye mwenyewe amekuwa mtu anayetafutwa badala ya mtu wa kukaa tu. Ila gogo hilo lilikuwa na kitu kingine pia. Mzee Nthiga hakuacha picha hata moja. Alichoacha ni harufu iliyo ndani ya mzinga wake, nta na moshi na majani aliyofukizia kuita nyuki, harufu ileile iliyokuwa kwenye koti lake.

“Nilikuwa naingiza kichwa ndani hivi, hata kama nina shida gani, nasikia nimefika nyumbani,” anasema.

Hata hivyo akaamua kujaribu. Aliivua ngozi ya ngamia, akapasha mchanga wa mtoni juu ya karai, akaumwaga ndani pamoja na majivu, akaliviringisha gogo uwanjani huku na huku. Nta iliyoyeyuka ikanywewa na mchanga. Akakwangua kwa patasi iliyopinda, akarudia, akarudia tena kwa majuma mengi, polepole, ubao usipasuke. Kisha akaiwamba ngozi upya. Ndipo ikaja asubuhi ya leo.

Saa tano, lori la Aweys linaingia na Alice akiwa mbele. Leo shule zimefungwa. Hawasalimiani kwa kelele kama kawaida yao. Wanasogeza viti kivulini, Ciakuthii anawamiminia uji, na watu wazima wanne wanaitazama ngoma.

“Mzee, umeipasha moto kweli?” Aweys anauliza. “Ama umeipasha ya uongo?”

“Njoo uiguse uungue.”

Kabla Aweys hajajibu, Alice anainua kidole. Nyuki amefika. Ni mmoja, mdogo, anatoka upande wa mto. Anazunguka ngoma mara kadhaa, anatua kwenye ukingo wa ubao, anatembea, anashuka hadi kwenye mdomo wa chini ulioinuliwa kwa mawe. Anaingia.

Kila mtu hapa anajua maana yake. Nyuki wakitaka kuhama hutuma mpelelezi kwanza. Akiipenda nyumba, atarudi na wengine, halafu na wengine, na mwishowe ukoo wote.

“Anakaa sana,” Alice ananong’ona.

“Anapima chumba,” anasema Kivuti. Chai yake imepoa mkononi. Ukimwangalia usoni huwezi kujua anamwombea nyuki yule atoke au abaki, na ukimuuliza atakwambia kwamba hata yeye hakujua.

Nyuki anatoka. Anasimama hewani mbele ya ngoma kwa muda mfupi, kisha anapaa kuelekea mtoni. Wanangoja. Ciakuthii anaacha sufuria ikiungua jikoni na hapati wa kumlaumu. Jua linapanda mpaka kivuli cha ngoma kinajikusanya chini yake. Hakuna mwingine anayekuja.

Simu ya Kivuti inalia. Ni Mbaabu, naye hana muda wa salamu ndefu. “Mzee, niambie, tuwawekee viti vingapi?”

Kivuti anamtazama mkewe. Ciakuthii anaikazia macho ngoma, anatazama upande wa mto, kisha anapangusa mikono kwenye leso. “Mwambie viti saba,” anasema, “na nafasi ya hiyo ngoma yenu.”

Aweys anaruka juu. Alice anapiga kigelegele ambacho kinawarudisha kuku uvunguni mwa ghala. Kivuti hajiungi nao. Anakwenda kwenye ngoma, anapiga magoti, anailaza taratibu na kuingiza kichwa kwenye mdomo wa chini. Anakaa huko kwa muda.

Anapotoa kichwa, macho yake yamelowa, na hajisumbui kuyaficha.

“Baba ametoka,” anasema. “Hakuna harufu. Ni mbao tu.”

Ciakuthii anamwekea mkono begani. “Pole, Baba Wambeti.”

Kivuti anaisimamisha ngoma, anaibana mapajani na kuipiga mara moja kwa kiganja. Sauti inayotoka si ile ya zamani. Ni nzito zaidi na haina ukungu, inapita chini ya miguu na kuwafikia watu kifuani kabla ya masikio. Alice anamshika Aweys mkono. Nta ilikuwa imeifunika sauti hiyo wakati wote, Alice anasema, na hakuna aliyejua. Kivuti anapiga tena, anainamisha kichwa kusikiliza, na uso wake unaanza kufunguka.

“Hivi ndivyo alivyochonga,” anasema. “Sikiza hapa kati. Amepaacha sawasawa pande zote. Na hakuwa na kipimo, huyo mzee. Alikuwa anasikiza tu, kama mimi.”

Mchana wote wanafanya mazoezi. Dufu linaingia, Alice anagonga kipande cha jembe, vijana wanafika mmoja mmoja kutoka mashambani, na ngoma kubwa inabeba kila mtu. Kivuti anacheka kwa sauti kila Aweys anapokosea hesabu ya Kihindi, na Aweys anakosea mara nyingi kuliko kawaida, pengine kwa makusudi.

Jioni inapokaribia, wenzake wakifunga vyombo kwenye lori, Kivuti anaokota tezo na kuelekea nyuma ya nyumba, ambako kuna tawi la muringa alilopewa na jirani. Si pana vya kutosha ngoma. Anaanza kulipigapiga kwa vidole.

Mwandishi huyu anapomuuliza kama hastahili kupumzika kabla ya Jumamosi, anatikisa kichwa. Mwaka ujao anataka kikundi kipige Maua, kisha Isiolo, na Alice ameanza kuzungumza habari za Nairobi. Yote hayo anayataka. Lakini kuna kazi iliyo mbele yake kwanza.

“Yule mmoja alitoka mbali akitafuta nyumba,” anasema. “Akaingia kwangu, akakuta nimeshafuta kila kitu. Hata maji hakupewa. Sasa mimi nikilala, nalala namna gani? Jumamosi tunapiga. Jumatatu napanda pale mti wa mzee, niwawekee mzinga, wawe na kwao.”